Sanda na Shati

Baba alikuwa seremala wa Ngamiani.
Hakushika randa mpaka alipotoa kilemba,
ubani, na jogoo asiye na kovu;
ndipo fundi wake akampa siri ya mninga:
haupigwi msumari, hubembelezwa.
Mafundi saba, bei moja ya mlango.
Aliyeishusha hakuitikiwa salamu,
na mwanawe hakupata wa kumfunza.
Mmoja akiumwa, sita walimalizia kitanda chake,
na ujira ukafika kwake kamili, kabla ya magharibi.

Mimi nilisoma hadi darasa la sita,
nikaenda upande wa Pongwe kuhesabu mkonge wa watu.

Huko hakuna kilemba. Hakuna siri.
Mtu ameshushwa stesheni na namba shingoni,
Mbena, Muha, Mmakonde, Mnyamwezi,
amepewa panga, blanketi moja, na kipande.
Majani thelathini, mzigo.
Mizigo sabini, siku.
Siku thelathini, kipande kimejaa,
na cha kukijaza ni penseli yangu.
Mzigo wenye majani ishirini na tisa
nilifundishwa kuuita hakuna.
Niliuita hakuna. Mara ngapi, sijui;
penseli haina kumbukumbu, ina ncha.

Kisha korona ikala mkono wa Ndabaniwe,
kisha bega, kisha mwenyewe.
Nyapara akaleta gunia.
Kambi ikalikataa.
Ndipo nilipojua kuna mkebe,
mkebe wa majani ya chai, nyuma ya jiko la Binti Semkiwa,
senti kumi kwa kichwa kila mwezi,
Muha kwa Mmakonde, pasipo kuulizana dini,
asizikwe mtu na gunia.
Walinunua bafta. Zilibaki shilingi nne.

Siku ya tatu, matanga yakianuliwa,
yule mama, muanika singa, viganja vimechanika,
alisema huku anapeta mchele, wala hakuinua uso:
"Tunachangiana sanda.
Kwani shati tumekatazwa?"

Hakuna aliyecheka.
Kiswaga wa chumba cha brashi akakohoa vumbi lake,
akauliza, "Shati ni bei gani?"
Halafu wote wakanitazama mimi.
Walitaka mtu wa kuandika majina.
Nami niliwajua wote, lakini kwa namba,
nikabidi niulize, usiku, mlango kwa mlango:
Mia nne na kumi na mbili, unaitwa nani?

Jumatatu ile reli iligongwa saa kumi na moja alfajiri.
Ikagongwa tena.
Umande ukakauka juu ya mkonge usioguswa.
Bwana shamba akaniuliza nani hayupo.
Nikafungua daftari, nikalamba penseli,
nikasema, "Anza na mimi."

Siku kumi na moja.
Askari kutoka mjini wakala mbuzi wetu.
Tulipata senti ishirini,
na mzigo uhesabiwe mbele ya aliyeukata.
Kiswaga walimpandisha treni bila kumwacha aage.
Watu husema tulishinda.
Mke wa Kiswaga hasemi.

Leo chama kina ofisi Barabara ya Kumi na Mbili,
kabati la chuma, muhuri, dirisha dogo.
Juzi nilikwenda kulipa ada.
Foleni ilifika mpaka kwenye mtaro.
Kijana wa dirishani hakuinua uso.
"Namba yako?"
Nikamtajia jina.
Akasubiri namba.

Mkebe ungali kwa Binti Semkiwa.
Katibu alitaka uunganishwe na mfuko mkuu,
akaja na karatasi tatu na wino wake mwenyewe.
Mama akamkaribisha chai,
akamsikiliza mpaka mwisho,
akaurudisha nyuma ya jiko.